Mdogo wangu amechukuliwa ziara ya chipukizi. Timu ya taifa iko karibu kiasi gani?

Swali: Kocha, jambo. Mimi niko Kadutu, Bukavu. Mdogo wangu ana miaka 21. Alianza kuipenda kriketi akiwa mtoto, kwa kuwatazama askari wa Pakistani wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, wakicheza hapa kwetu. Mwaka 2021 akaenda kusoma Kigali na huko akapata klabu. Anarusha mpira kwa mkono wa kushoto, ule wa polepole unaozunguka, na hupiga akiwa nambari ya sita, yaani mtu wa sita kuingia kupiga. Sasa wamemweka kwenye kikosi cha vijana kitakachozuru Uganda, na anasema huo ndio mlango wa timu ya taifa ya Rwanda. Je, Mukongomani anaruhusiwa? Wateuzi wanatazama nini hasa? Mechi za karibuni amepata wiketi chache, yaani amewatoa wapigaji wachache, ana woga. Tena anataka kuacha masomo ili ajitayarishe, na mimi ndiye ninayelipa.

Jibu: Dada, nianze na ruhusa, maana hiyo isipokaa sawa mengine yote yanabaki maneno ya barazani.

Kanuni za Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, zinampa mchezaji njia tatu za kuichezea nchi. Awe amezaliwa humo, au awe na paspoti yake, au awe ameishi humo miaka 3 mfululizo kabla ya mechi, hapo pakiwa ndipo makao yake ya kweli. Mbili za kwanza mdogo wako hana. Ya tatu, kwa hesabu yako ya tangu 2021, anayo, ila lazima aweze kuithibitisha. Sisi watu wa Bukavu tumezoea kuvuka mto Ruzizi asubuhi na kurudi jioni bila kuweka kumbukumbu ya chochote. Aanze leo kukusanya: kibali cha kuishi, karatasi za chuo za kila mwaka, mkataba wa nyumba, mihuri ya mpakani. Kama kuna mwaka alikaa Bukavu miezi mingi, aseme mapema, asingoje kuulizwa. Kisha aende kwenye ofisi ya chama cha kriketi cha Rwanda, aulize kama wao wana masharti yao juu ya yale ya ICC. Afanye hivyo kabla ya ziara. Kuna vijana wanaocheza vizuri, wanarudi, ndipo watu wanagundua kwamba faili lao halina kitu.

Kuhusu kama inawezekana, itazame Uganda iliyokwenda Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024. (T20 ni kriketi fupi: kila timu hupigiwa ova 20, na ova moja ni mipira 6.) Alpesh Ramjani ni mzaliwa wa Mumbai. Riazat Ali Shah alizaliwa Gilgit, Pakistan. Dinesh Nakrani naye alitoka India. Walicheza bega kwa bega na Juma Miyagi, kijana wa Naguru, Kampala, na Waganda waliwashangilia wote. Hata Rwanda yenyewe, kriketi yake ilishika mizizi kwa watu waliorudi baada ya 1994 kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, na chama kikaundwa 1999. Mchezo huo Kigali ulianzishwa na watu waliokulia kwingine.

Kongo yetu si mwanachama wa ICC, kwa hiyo hakuna timu ya taifa yenye kutambuliwa ambayo mdogo wako anaikimbia. Hata hivyo nafahamu hali ya Bukavu na vita hii inayohusishwa na Rwanda, na jezi ya Rwanda kwenye kartye yetu leo si kitambaa tu. Hilo siwezi kukuamulia. Mimi ni kocha. Ninachoweza kusema ni kwamba mlizungumze ninyi familia, pamoja na wazee, kabla picha hazijaanza kuzunguka kwenye WhatsApp. Tangu 2019 kila mechi ya T20 kati ya timu za taifa za wanachama wa ICC inaingia kwenye rekodi rasmi za kimataifa, kwa wanaume kama ilivyokuwa tayari kwa wanawake. Akicheza moja tu, jina lake limeandikwa na halifutiki.

Sasa tuje kwenye ziara, ambako nina mengi ya kusema.

Ziara ninayowasimulia vijana kila mara ilifika karibu yetu, Nairobi, Agosti 2004. India ilileta kikosi chake cha pili, India A. Pakistan nayo ikaleta Pakistan A. Kenya akawa mwenyeji wa mashindano ya timu tatu. Kwenye India A alikuwemo mlinda wiketi (yule anayedaka nyuma ya mpigaji akiwa na glavu) wa miaka 23 ambaye miaka michache nyuma alikuwa akikagua tiketi za treni katika stesheni ya Kharagpur. Mbele ya Pakistan A alipiga mikimbio 120 (mkimbio ndio pointi ya kriketi), kisha mechi nyingine dhidi ya timu hiyohiyo akapiga 119 bila kutolewa. Mashindano yalipokwisha alikuwa na mikimbio 362 kwa wastani wa 72.40. Desemba ya mwaka huohuo alikuwa Bangladesh na timu kubwa ya India. Huyo ni MS Dhoni.

Wanaosimulia habari hii hukomea kwenye zile 362. Mimi naona hiyo ni nusu yake, tena nusu ndogo. India ya wakati ule ilikuwa imejaa wapigaji wakubwa, lakini haikuwa na mlinda wiketi anayejua kupiga. Kwa miaka kadhaa kwenye mechi za siku moja glavu alivaa Rahul Dravid, mpigaji ambaye kazi hiyo haikuwa yake. Hata Kombe la Dunia la 2003 walicheza hivyo. Walinda wiketi vijana walijaribiwa mmoja baada ya mwingine. Kila mteuzi wa India alijua kiti kipi kiko wazi. Dhoni alifika Nairobi na gongo la kupigia mkono mmoja, glavu mkono wa pili, akakaa mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Mweke kando yake Amol Muzumdar, mpigaji mwingine wa India. Mechi yake ya kwanza ya daraja la juu, mwaka 1994, alipiga mikimbio 260, na wakati huo hakuna mtu duniani aliyewahi kuanza kwa namba kubwa kama hiyo. Akaingia India A pamoja na Dravid na Sourav Ganguly. Akaendelea mpaka mikimbio 11,167 katika daraja hilo, na mara 30 alifikisha mia katika zamu moja. Timu ya taifa hakuichezea hata siku moja. Hakukosa kipaji wala bidii. Nafasi za katikati zilikaliwa na Tendulkar, Dravid, Ganguly na Laxman, na hao hawakuondoka kwa zaidi ya miaka kumi. (Alikuja kuwa kocha, na Novemba 2025 wanawake wa India walichukua Kombe la Dunia chini yake. Lakini hiyo ni njia nyingine.)

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mdogo wako haiko uwanjani. Kadi za mechi za Rwanda, zinazoonyesha kila mchezaji alifanya nini, ziko wazi mtandaoni, hazilipiwi. Akae nazo jioni mbili tatu. Nani anarusha polepole kwa mkono wa kushoto kwenye timu kubwa? Anapewa ova ngapi, na ni za mwanzo, za katikati au za mwisho? Ana miaka mingapi? Nani anapiga nambari ya sita na ya saba, na timu ikipoteza wiketi tatu mapema huwa nini kinafuata? Akishajua kiti kipi kinalegea, ndipo ajue aende Uganda kuonyesha nini. Wengi hupanda basi wakiwa na wazo moja tu, "nitafanya vizuri." Vizuri kwa nani?

Nitakupa mfano wa jinsi ya kusoma kadi. Tarehe 30 Novemba 2023, huko Windhoek, Namibia, Uganda iliifunga Rwanda na kupata tiketi ya Kombe la Dunia. Rwanda ilitolewa yote kwa mikimbio 65. Sitaki kuwasema vibaya vijana wale, na timu imebadilika tangu siku hiyo. Lakini ukiwa mteuzi Kigali na namba 65 imekukaa kichwani, unatafuta nini usiku? Hutafuti mrushaji. Unatafuta mtu anayeweza kusimama pale katikati, mambo yakiharibika, akazuia mporomoko. Mdogo wako anajiona mrushaji anayepiga kidogo. Huenda kinachomtafutia nafasi ni gongo, na urushaji ukawa nyongeza inayomfanya awe rahisi kuchagua. Hilo likiwa kweli, mazoezi yake ya wiki hizi yabadilike: nusu ya muda wake kwenye wavu wa mazoezi apige, na apige akianza na hali mbaya, kocha amwambie "zimebaki ova 11, wiketi nne zimeanguka, mna mikimbio 48."

Hapo kuna jaribu moja la chipukizi. Anayepiga nambari ya sita katika T20 mara nyingi anaingia mipira imebaki michache. Mikimbio 14 kwa mipira 9 haimpendezi mtu kwenye kadi, na kijana anayejali wastani wake ataanza kucheza ili asitolewe. Mteuzi mzoefu anaiona hiyo kwa jicho moja. Ni afadhali atolewe akijaribu kile timu ilichohitaji kuliko abaki na 11 bila kutolewa huku mechi imepotea.

Turudi kwenye wiketi chache zinazomtia woga. Mrushaji mmoja wa T20 hawezi kurusha zaidi ya ova 4, yaani mipira 24. Mteuzi anayejua kazi haanzi na wiketi. Anaanza na mipira ambayo haikuzaa mkimbio hata mmoja. Wiketi tatu zilizopatikana ova ya ishirini, wakati wapigaji wa mkia, wale wa mwisho wasiojua sana kupiga, wanafumba macho na kubamiza, ni rahisi. Ova nne za katikati zenye mikimbio 18 na wiketi sifuri zinaweza kuwa ndizo zilizoshinda mechi, kwa sababu mpigaji aliyebanwa upande mmoja huenda kujitoa mhanga upande wa pili, na wiketi inaandikwa kwa jina la mwenzako.

Kama hasadiki, mwambie amtafute Frank Nsubuga. Juni 2024, uwanja wa Providence, Guyana, Uganda ilipata ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia, dhidi ya Papua New Guinea. Nsubuga alirusha ova 4, mbili kati yake hazikutoa mkimbio hata mmoja, kwa jumla akaruhusu mikimbio 4 na kuchukua wiketi 2. Papua wakaishia 77. Uganda nao walihangaika, wakavuka wakiwa wamebaki na wiketi tatu. Hebu fikiria kama mrushaji huyo angeruhusu mikimbio 20, ambayo bado ni namba nzuri. Siku hiyo alikuwa na miaka 43. Mfikirie pia kijana wa spini, ule mpira wa polepole unaozunguka, wa Kampala ambaye miaka yote alikuwa anangoja mzee huyo apumzike. Umri peke yake haumtoi mtu kwenye kiti.

Kitu kimoja cha kiufundi, kisha niache. Mpira wa polepole wa mkono wa kushoto kwa kawaida humkimbia mpigaji wa mkono wa kulia na kumwingilia wa kushoto. Kwa sababu hiyo manahodha wengi humficha mrushaji kama mdogo wako pale mpigaji wa kushoto anapokuwa kwenye pichi, na humpa ova za saba hadi kumi na tano, ambako walinzi wengi wako mbali. Akirusha hapo tu ziara nzima, atarudi na namba nzuri zisizomwambia mteuzi lolote jipya. Amwombe nahodha kwa adabu, hata mara moja, arushe ndani ya ova 6 za mwanzo, ambapo walinzi wawili tu wanaruhusiwa kukaa nje ya duara lililochorwa uwanjani. Hapo ndipo moyo wa mrushaji wa polepole unapojulikana. Na mpigaji wa kushoto akiingia, asitafute pa kujificha. Akipigwa sita mbili, yaani mipira miwili iliyovuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, halafu akarudi na mpira wa tatu ulio polepole zaidi badala ya ule wa hasira, hizo sita mbili zitasahaulika.

Akiwa Kampala atafute nafasi ya kuzungumza na Ramjani, au hata kumtazama tu mazoezini pale Lugogo. Wanarusha kwa mkono uleule, na huyo mwaka 2023 alichukua wiketi 55 za T20 za kimataifa, akaingizwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha ICC akitokea nchi ambayo wengi hawakuijua kwa kriketi. Wachezaji wa ukanda wetu ni watu wa karibu. Kijana akisalimia vizuri na akauliza swali lililofikiriwa, anajibiwa.

Ajue pia kwamba ziara ya chipukizi haigawi nafasi kwa haki. Makocha wanataka kuona wote, kwa hiyo anaweza kucheza mechi mbili kati ya tano, na moja ikaharibiwa na mvua. Siku ambazo hachezi atabeba maji na glavu. Mara nyingi wateuzi wenyewe hawasafiri. Wanasoma ripoti ya kocha na meneja. Ripoti hizo zina mambo ambayo kadi haina: nani alikuwa kwenye basi kwa wakati, nani aliruka kudaka mpira wa mazoezi kana kwamba ni mechi, nani alinuna alipoachwa. Udakaji hasa. Timu ndogo zinapoteza mechi nyingi zaidi kwa mpira ulioponyoka mikononi kuliko kwa kukosa vipaji, na hapo mtu anaweza kujipandisha kwa mwezi mmoja wa kazi, bila kipaji cha ziada.

Jambo moja liko upande wake: kwa Rwanda ngazi kati ya chipukizi na timu kubwa ni fupi. Januari 2023, kwenye Kombe la Dunia la T20 la wasichana chini ya miaka 19, Afrika Kusini, Henriette Ishimwe aliwatoa Wazimbabwe wanne kwa mipira minne mfululizo, mechi ikaishia hapo. Siku chache baadaye wakaitoa West Indies yote kwa mikimbio 70 na kushinda. Henriette na nahodha wake Gisele Ishimwe walikuwa tayari wanaichezea timu kubwa ya wanawake. Mpira wa miguu wa kwetu haujazoea hivyo. Kijana wa klabu ya Bukavu Dawa au Muungano anaweza kung'ara pale Kadutu misimu mitatu na Kinshasa isimsikie. Kriketi ya Kigali ina uwanja mmoja mkubwa, Gahanga, uliofunguliwa Oktoba 2017, na wanaoamua wanakaa pembeni yake. Wanamwona akifanya vizuri, na wanamwona akiharibu.

Masomo asiache. Hapa sina maneno laini. Kwenye nchi za daraja la Rwanda wachezaji wengi wana kazi nyingine au wako shuleni, kwa sababu mechi za kimataifa zinakuja kwa wiki chache halafu kimya. Dhoni huyohuyo alikaa na kazi ya reli mpaka 2003, huku akicheza. Ziara ni ya siku, si ya mwaka. Aombe barua ya chama kwenda chuoni kwake, apewe ruhusa kwa maandishi, na mitihani atakayokosa ipangiwe tarehe kabla hajaondoka.

Na wewe unayelipa, una haki ya kuuliza. Nani anagharamia usafiri na malazi? Akivunjika kidole, na mrushaji wa spini bila kidole hana kazi, nani analipa hospitali, na ni ya Kampala au mpaka arudi? Ombeni jibu kwa maandishi. Usikubali akuambie anahitaji gongo jipya la bei kubwa. Alilo nalo linatosha. Kama kuna pesa, nunua viatu vizuri vyenye meno, kwa sababu anayeteleza wakati wa kurusha anaumia nyonga na mgongo.

Akirudi, niandikie ova alizopewa zilikuwa za ngapi, na aliingia kupiga timu ikiwa na hali gani. Mikimbio na wiketi nitajisomea mwenyewe kwenye kadi.